Mahema Tuliyopeleka Lambwe

Kazi yangu ya kwanza yenye mkataba ilikuwa kuusifu moshi. Bila shaka barua ya ajira haikusema hivyo. Ilisema Afisa wa Mawasiliano na Mazingira, cheo kirefu ambacho mama yangu, muuza mitumba wa soko la Migori, alikitangaza mpaka wateja wake wakakijua kabla ya kujua bei ya sketi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay, karibu na ziwa, na bomba lake lilionekana kutoka mbali kuliko ofisi zote za serikali. Nilipewa meza, kompyuta na dirisha, pamoja na jukumu la kuueleza ulimwengu kwamba kile kilichokuwa kikipita nje ya dirisha hakikuwa tatizo.

Tulitengeneza chakula cha kuku. Tulinunua omena, wale samaki wadogo wa ziwani, tukawakausha, tukawasaga, tukawatia kwenye magunia yenye picha ya jogoo anayetabasamu. Kwenye kukausha ndiko kulikokuwa na maneno. Nje ya ukuta wetu, kina mama wa ufukweni walitandaza omena juu ya nyavu kuukuu na kuliachia jua lifanye kazi yake. Sisi tulikuwa ndani ya ukuta, chini ya jua hilohilo, tukichoma magogo. Tulikuwa na boila ambalo halikujua kushiba. Lori lilileta magogo kutoka vilima vya Lambwe asubuhi, na kabla ya jioni lilikuwa limeshapita tena kijimji cha Rodi Kopany kufuata mengine.

"Jua haliajiriki," meneja wetu alipenda kusema. "Leo lipo, kesho lina udhuru."

Hakuwa mjinga. Mvua ilipowavamia kina mama, omena zao zilioza juu ya nyavu, nasi tukaendelea kusaga. Hilo lilikuwa kweli, na niliandika habari zake mara nyingi, kila mara kwa maneno mapya. Ambalo sikuliandika ni kwamba mvua yenyewe ilikuwa imeanza vituko. Lambwe watu walipanda, wakangoja, wakapanda tena. Kisha mawingu yalikuja yote kwa pamoja na kuondoka na udongo. Ziwa nalo lilikuwa limepanda likameza nyumba za ufukweni, na baadhi ya wenye nyumba hizo walikuwa wafanyakazi wetu. Mtu alitia magogo kwenye boila mchana, akitoka anapigiwa simu kutoka nyumbani kuambiwa kisima kimekauka.

Mimi ndiye niliyetunga maneno ya fulana za kampuni. Fulana zilikuwa za kijani kibichi, kijani cha majani ya muhogo baada ya mvua, na mgongoni ziliandikwa RAFIKI WA TABIANCHI. Nilijivunia maneno hayo. Meneja alipoyasoma alifurahi akasema Kiswahili changu kina adabu, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na Kiswahili cha huku kwetu kilimuumiza kama kiatu kipya. Tukisema "hii maneno" alifumba macho. Aliniajiri mimi, nadhani, ili awe na mtu mmoja wa kuzungumza naye bila kufumba macho. Nilizaliwa Mjaluo, lakini nililelewa Migori mjini, kwenye nyumba za kupanga, kati ya Wakuria, Wakisii na Wasomali wenye maduka, na huko mtoto asipojua Kiswahili hanunui hata kiberiti.

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi michache michache. Kila ulipokaribia kuisha nilianza kulala vibaya, nikawa mnyenyekevu hata kwa askari wa getini. Mwaka huo meneja aliniahidi kwamba safari hii nitapewa kazi ya kudumu. Nilimwambia mama. Lilikuwa kosa, kwa sababu mama aliliambia soko zima.

Basi mambo yalianza na redio. Mfanyakazi wetu mmoja alipigia simu kipindi cha asubuhi, akasema anatoka Lambwe, kwamba kazi yake ni kuchoma Lambwe, na kwamba angependa kujua nani amlipie shida ya maji nyumbani. Hakutaja jina lake, lakini kwa kuwa alikohoa katikati, kila mtu kiwandani alimjua. Meneja hakumfukuza. Aliniita, akaniambia niandike tangazo. Mfanyakazi yeyote haruhusiwi kuzungumzia mambo ya kampuni katika redio, televisheni, mitandao ya simu, baraza la chifu, wala mkutano wa kisiasa.

"Kuna mahali tumepasahau?" akaniuliza, kalamu mkononi.

Nilifikiri kwa bidii. "Kanisani," nikasema.

"Na kanisani," akaandika, akaongeza msikitini ili asionekane na upendeleo.

Tangazo likabandikwa karibu na bomba la kunawia mikono. Kina mama wa kitengo cha kupepeta omena walikuja kulisoma na vitambaa vyao vichwani, wamejaa magamba ya samaki mpaka kwenye nyusi. Mmoja wao tulimwita nyar Rodi, binti wa Rodi, kwa kuwa ndiko alikozaliwa, kama vile mimi nilivyokuwa nyar Migori kwa kila mtu isipokuwa meneja. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake kubwa, mwimbishaji wa kwaya, na alikuwa ndiye mtu ambaye wenzake walimtuma ofisini wakiwa na shida. Alilisoma tangazo mpaka mwisho, akarudi juu akalisoma tena. Kisha akanitazama kwa utulivu ambao haukunipendeza hata kidogo.

"Nyar Migori," akasema, "ni wewe uliandika?"

"Nimeambiwa niandike."

"Umeandika vizuri. Hakuna mahali umeacha." Akafuta mikono kwenye aproni, akaenda zake. Sikumwelewa. Mimi pia, pamoja na akili zangu zote, sikuona tulichosahau.

Kisha dereva wa lori la magogo akafariki. Alikuwa mzee wetu, mcheshi, aliyekuwa akipiga honi kwa kila mwanamke barabarani na kusema ni breki. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemsumbua kwa muda mrefu, na kwa hilo sina wa kumlaumu. Alikuwa mzaliwa wa Lambwe, na vilima alivyokuwa akivibeba kwenye lori vilikuwa vinatazamana na boma lake.

Meneja aliguswa kweli. Nilimwona akitoa leso. Akaamuru kampuni isimamie mazishi kwa heshima zote: basi la wafanyakazi, viti, mahema, vipaza sauti na jenereta lake, na fulana mpya za kijani kwa kila mtu. Alisema hii ndiyo nafasi ya jamii kuuona moyo wetu.

"Bosi," nikamwambia, "matanga ya huku yana hotuba."

"Vyema sana. Mimi pia nitakuwa na hotuba. Niandikie."

"Hotuba nyingi, bosi."

"Hata tukichelewa, ni marehemu wetu."

Sasa nieleze, kwa faida ya wasiotujua. Kwao meneja, mtu akifa asubuhi, kabla ya jua kutua amekwisha kuzikwa. Watu wanasoma dua, wanapeana mikono, wanarudi nyumbani kimya. Kipaza sauti makaburini kwake kingekuwa wazimu. Kwetu sisi kando ya ziwa, mazishi bila kipaza sauti ndiyo wazimu. Hapo ndipo wanasiasa wanapogombana, mashemeji wanapolipiza, na shule zinapoomba paa. Kila kundi lililomjua marehemu huitwa kwa zamu kusimama mbele: ukoo, kanisa, wakwe, na lazima, lazima kabisa, wafanyakazi wenzake. Na anayesema kwenye matanga hanyang'anywi kipaza sauti. Unaweza kumnunia mwaka mzima baadaye, lakini pale utamsikiliza mpaka amalize. Tulikuwa tumeorodhesha kila mahali mtu anapoweza kusema, tukaacha mahali pekee ambapo kila mtu husema. Kwa nini mimi sikukumbuka? Kwa sababu sikuwahi kufikiria mazishi kuwa mkutano. Kwangu yalikuwa ni shughuli ya kila Jumamosi tu.

Tulifika Lambwe jua likiwa limepamba moto. Boma la mzee lilikuwa safi, limefagiwa, na halikuwa na mti hata mmoja wa kusimama chini yake. Pembezoni kulikuwa na visiki, watu wameketi juu yake. Kilima kilichokuwa kikitazamana na boma kilikuwa kimebaki na mawe na nyasi za kahawia. Mahema yetu ya kijani yalisimamishwa katikati ya hayo yote, na nikiri yalipendeza. Wazee walikuja kumpa meneja mkono mmoja baada ya mwingine wakimshukuru kwa kivuli. Aliwajibu kwa unyenyekevu. Alisema si kitu.

Emsii, mwendesha shughuli, alipoita wafanyakazi wenza wa marehemu, tulisimama safu nzima ya kijani, nje ya hema, mbele ya jeneza. Meneja aliwekwa katikati kwa heshima. Nyar Rodi akapokea kipaza sauti. Alianza kwa wimbo, watu wakamwitikia, kisha akasalimu kwa Kidholuo, na meneja akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu asiyeelewa chochote.

"Ngoja kidogo," emsii akaingilia kwa Kiswahili. "Tuna mgeni wetu hapa, mkubwa wa kiwanda, na haskii Kidholuo. Si tumpatie mtu wa kutafsiri? Hatuwezi wacha mgeni anakaa tu kama sufuria."

Safu nzima ya kijani ikanigeukia. Meneja mwenyewe akaninyooshea kidole, kwa fahari. Nikapewa kipaza sauti cha pili, nikasimama kati ya nyar Rodi na mwajiri wangu.

Kutafsiri hadharani kwetu ni kama mchezo wa mpira. Kila mtu uwanjani anajua lugha zote mbili na kila mtu ni refa. Kanisani mkalimani akiruka neno anarekebishwa kutoka viti vya nyuma. Mimi nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na kwamba mtu pekee uwanjani asiyejua lugha zote mbili ndiye atakayeutia sahihi.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Marehemu alikuwa mchangamfu, nikatafsiri. Marehemu alitupenda, nikatafsiri. Kisha nyar Rodi akageuka akayatazama mahema yetu, akayatazama taratibu, mpaka watu nao wakageuka kuyatazama. Akasema, kwa Kidholuo kitamu cha mtu aliyelifikiria jambo siku nyingi: "Tumewaletea mahema kwa sababu kivuli chenu tulikichoma."

Jenereta likawa linanguruma peke yake.

Nikaona uso wa mama, nikaona soko zima la Migori, nikaona ile barua ya kazi ya kudumu ikisubiri kuchapwa. "Anasema," nikasema, "kampuni imeleta mahema ili mpate kivuli."

Meneja akapiga makofi. Alipiga peke yake. Kutoka chini ya hema la wakwe mtu akaguna, mwingine akacheka, na mwanamke mzee mwenye fimbo akasema kwa sauti ya kusikika, "Hiyo si yenyewe!" Emsii akainama kwenye kipaza sauti chake. "Mkalimani, dada yetu, tafsiri yote. Hapa si ofisi." Watu wakaangua kicheko. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu inayokupanda kutoka miguuni.

Nyar Rodi hakunicheka. Alinisogelea, akaweka kipaza sauti chake chini kidogo, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Twende pamoja, nyar Migori. Usiniache peke yangu hapa mbele."

Na hapo ndipo nilipomwona. Huyu mwanamke niliyemdhani haogopi kitu alikuwa na watoto wanne na mshahara mmoja kama ule niliokuwa nikiulilia mimi, tena wake mdogo zaidi. Nikasema sawa.

Akaendelea, nami nikamfuata sentensi kwa sentensi, bila kuruka. "Mzee huyu alibeba kilima chake mwenyewe akakileta kwetu," akasema, nikasema. "Kila siku alipita mbele ya mlango wa mkewe na kilima mgongoni. Alituambia inamuuma. Hakuwa na kazi nyingine." Mjane, pale kando ya jeneza, akaitikia kwa sauti ya chini kwamba ni kweli. "Hatusemi ni mtu wa mbali anayeharibu mvua. Ni sisi. Hii mikono. Sisi ndio tunatia moto, na mgongoni tumeandikwa marafiki." Watu wakaanza kusoma migongo yetu, na wale wasiojua kusoma wakasomewa. "Jua la Homa Bay hukausha omena bure. Mama yangu alikausha na jua, akatusomesha. Siku ya mvua, ni sawa, washa moto. Lakini sisi tunawasha hata jua likiwaka. Mkubwa wetu yuko hapa, ni mtu mzuri, ametuletea tenti. Tunamwomba mbele ya marehemu, kabla hatujamaliza hicho kilima kingine, tuache."

Yote hayo yalitoka kwenye vipaza sauti vya kampuni, kwa umeme wa jenereta la kampuni, mara mbili, kwa lugha mbili. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Sikuthubutu kumtazama meneja.

"Wafanyakazi wenzangu," nyar Rodi akamalizia, "anayekubali ainue mkono." Safu ya kijani ikainua mikono, wote, hata wa uhasibu. Na kwa kuwa tulikuwa tumesimama nje ya hema, jua likiwa usoni, meneja wakati huohuo aliinua mkono wake kukinga macho. Picha hiyo ndiyo iliyozunguka kaunti nzima. Anaonekana pale katikati, mkono juu, amekunja uso kama mtu mwenye msimamo mkali.

Kisha ikawa zamu yake, na alikuwa na hotuba niliyomwandikia. Alianza, "Kampuni yetu, kama rafiki wa tabianchi," akasita. Watu hawakumzomea. Walimsubiri kwa heshima, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Akakunja karatasi akaitia mfukoni, akasema mzee alikuwa dereva mwaminifu na Mungu amrehemu. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kumwandikia. Baada ya maziko tulikula wali na nyama, na wazee wakaja tena kumshukuru kwa mahema, bila kejeli yoyote, kwa sababu kivuli ni kivuli.

Nilirudi na gari la meneja, na Rodi Kopany tulisimama kupisha ng'ombe.

"Uliongeza chumvi?" akauliza, akitazama mbele.

"Nilipunguza, bosi."

"Wapi?"

"Mwanzoni."

Akatikisa kichwa. Ng'ombe wakapita, tukaendelea na safari.

Wiki iliyofuata simu kutoka makao makuu zilikuwa nyingi kiasi kwamba alizipokea akiwa amesimama. Wakubwa wake walitaka mtu wa kuadhibiwa. Nyar Rodi hakuguswa. Kumfukuza mtu kwa maneno aliyosema mbele ya jeneza, katika kaunti hii, ni kujitafutia balaa ambalo hata meneja, baada ya lile somo la Lambwe, aliliona kwa macho. Tena hakuna aliyetaka kuonekana anampinga marehemu. Basi akabaki nani? Meneja aliniita, akafunga mlango, akanisogezea kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Binti yangu," akasema, "yule mama alizungumza Kidholuo. Wakubwa wangu hawajui Kidholuo. Walichosikia ni Kiswahili chako. Na tafsiri, wewe mwenyewe wajua, huteleza."

Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa mkataba wangu wa kudumu, umeshachapwa, nafasi ya sahihi iko tupu. Nyingine ilikuwa ratiba ya kipindi cha asubuhi cha redio, kile kile tulichokipiga marufuku. Nilitakiwa kwenda kusema hewani kwamba nilikosea kutafsiri, basi. Hakunitaka nimtukane mtu yeyote. Nikimaliza, nirudi nitie sahihi.

"Mimi pia nina wakubwa," akaongeza, na nilimhurumia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Sijui kama angeweza kufanya vingine. Lakini nilikasirika pia, hasira ya taratibu. Kwa muda wote niliokuwa nimefanya kazi pale, nilikuwa nimeandika mengi yasiyo kweli kuhusu moshi, na hakuna siku aliyowahi kuniambia nimekosea.

Jumapili nilienda Migori. Mama alikuwa amekaa kati ya marundo yake ya nguo, anakunja mashati. Nikamweleza yote.

"Sasa si useme umekosea, urudi kazini," akasema. "Ni nini ngumu? Mimi kila siku nasema hii shati ni mpya."

"Mama."

"Wewe wauliza, mimi nakujibu." Akakung'uta shati, akalikunja. "Kwani ulikosea?"

Nikafikiri. "Pahali pamoja," nikasema.

"Basi si uongo." Na akanipa rundo la suruali nimsaidie kukunja, kwa kuwa kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Studio ya redio ilikuwa chumba kidogo chenye zulia ukutani na feni lisilozunguka. Meneja alikuja mwenyewe, akakaa nyuma ya kioo pamoja na fundi wa mitambo, mikono magotini. Alinipungia. Mtangazaji, kijana mwenye sauti iliyomzidi mwili, akasalimu wasikilizaji, akasema leo tuko na yule mkalimani wa mazishi ya Lambwe, na amekuja kusahihisha jambo. Nilijua kina mama wa kitengo cha kupepeta wanasikiliza, kwa sababu redio yao haizimwi. Nilijua mama anasikiliza, kwa kuwa alikuwa amewaambia majirani zake wote sokoni waiwashe.

"Karibu, dada," akasema mtangazaji. "Kumbe ulikosea?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilikosea, na naomba radhi kwa familia ya marehemu na kwa wote waliokuwepo." Nyuma ya kioo meneja alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kwa shukrani. "Kuna mahali mama yule alisema hivi: tumewaletea mahema kwa sababu kivuli chenu tulikichoma. Mimi nikasema kwa Kiswahili kwamba kampuni imeleta mahema ili watu wapate kivuli. Hayo hakuyasema. Niliogopa kazi yangu. Alichosema ni hicho cha kwanza."

Mtangazaji alitazama karatasi yake, ambayo haikuwa na swali la hapo. Kwa hiyo akauliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Na hayo mengine yote?"

"Hayo mengine," nikasema, "nilitafsiri sawasawa."

Nilipotoka, meneja alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakupandisha sauti. Alisema Kiswahili changu kilikuwa fasaha, akashuka ngazi. Mkataba ule sikuuona tena. Kiwandani niliambiwa na askari wa getini, yule niliyekuwa nikimnyenyekea, kwamba vitu vyangu vimewekwa kwenye katoni na niviangalie kama viko sawa. Kina mama walikuwa wamesimama kwenye mlango wa kitengo chao. Nyar Rodi aliinua mkono, kama siku ile.

Mama alipiga simu nikiwa bado barabarani, katoni miguuni.

"Nimekusikia," akasema. Nyuma yake nilisikia soko, watu wanapatana bei. Nilingoja anikaripie. "Hiyo ya kwanza ulisema vibaya kweli. Hata mimi ningekugunia."

"Ndiyo, mama."

"Unakuja lini?"

"Leo."

"Basi njoo na hiyo tisheti ya kijani, usiitupe," akasema. "Nitaigeuza, maandishi ya mgongoni yaende ndani, niseme ni mpya."